Nani Anakumbuka Dawa za Baba?

Siku ya Afya ya Akili Duniani huadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992, na kaulimbiu ya mwaka 2024 ilihusu afya ya akili mahali pa kazi. Ofisi kadhaa jijini Dar es Salaam zilialika wawezeshaji kuzungumza na wafanyakazi wao. Katika mojawapo, mwezeshaji alirusha ukutani ushauri uliopangika vizuri: lala saa saba hadi nane, kunywa maji ya kutosha, fanya mazoezi, zima simu jioni. Sambusa zilikuwa zimeshagawiwa na watu walikuwa wametulia. Karani mmoja kijana akanyoosha mkono.

"Samahani, daktari. Mama yangu yuko Tanga, anaumwa. Mimi nikizima simu, nani atapokea?"

Watu wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Mwezeshaji akasema swali ni zuri, akaenda kwenye picha iliyofuata.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi safu ya nyuma. Swali la yule kijana lilimrudisha miaka kadhaa nyuma, kwenye kipindi ambacho baba yake alipatwa na kiharusi, mwanawe wa kwanza alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, na yeye mwenyewe alikuwa mhariri wa vitabu vya shule ambavyo tarehe ya kuvipeleka kiwandani ilikuwa imeshapita. Ukimuuliza leo ni lipi kati ya hayo lililokaribia kumwangusha, atakwambia hakuna. Kila moja, likiwa peke yake, lilibebeka. Kilichomchosha ni kwamba yote yaliishi ndani ya kichwa kimoja.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Shirika hilo linasisitiza kuwa maelezo hayo yanahusu ajira tu, si maeneo mengine ya maisha. Kwa watu kama karani yule, mpaka huo haupo. Simu ya Tanga inalia saa nne asubuhi, katikati ya kazi, na barua pepe ya bosi inaingia saa tatu usiku, mtu akiwa anamwosha mtoto.

Baba alikuwa anaishi Morogoro. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kuufanya ulimi wake uwe mzito. Treni ya umeme ilikuwa haijaanza safari zake za Dar es Salaam na Morogoro, jambo lililokuja kutokea Juni 2024, kwa hiyo mwishoni mwa wiki mwandishi alipanda basi na kukaa kwenye foleni ya Kibaha kama wasafiri wengine wote. Safari zenyewe hazikuwa shida sana. Ndani ya basi angalau alikuwa anakaa chini.

Shida ilianza alipokuwa mbali. Vidonge vya presha vinaisha lini? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amelipwa? Nepi za watu wazima zipo? Nani kati ya wadogo zake ameshatuma, na nani ameahidi? Kikao cha wazazi shuleni ni Ijumaa au Jumamosi? Gesi imebaki kiasi gani? Sura ya saba ya kitabu imerudi kutoka kwa mchoraji? Halafu ilikuwepo kamati ya harusi ya binamu yake, ambako yeye alikuwa mweka hazina, na kundi la kamati hiyo kwenye simu lilikuwa linalia mpaka saa sita usiku.

Jioni moja aliingia nyumbani, akaweka mkoba juu ya meza, na dada wa kazi akamuuliza swali analouliza kila siku: "Mama, leo tupike nini?"

Mwandishi akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akalia. Dada wa watu akashtuka, akazima jiko, akasimama pembeni na mwiko mkononi. Baadaye akasonga ugali na kukaanga dagaa bila kuuliza tena, na wote wakala.

Swali lile lilikuwa jepesi kuliko yote aliyoulizwa siku ile. Ila lilikuja mwisho, likakuta nafasi imeshajaa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kuwa akili inaweza kushikilia takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, alipitia tafiti zilizofuata na kuhitimisha kuwa idadi halisi inakaribia vinne. Hata ukichukua ile kubwa, saba ni vichache mno kwa nyumba yenye mgonjwa, mtahiniwa na harusi.

Tena chakula cha jioni si jambo moja. Mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, aliwahoji wanandoa wa kaya 35, na mwaka 2019 akachapisha matokeo yake kuhusu kazi za nyumbani zisizoonekana kwa macho. Alizigawa katika hatua nne: kuona mapema kuwa kitu kitahitajika, kutafuta njia zilizopo, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Uamuzi wenyewe wanandoa mara nyingi walishirikiana. Hatua ya kwanza na ya mwisho, kuona mapema na kufuatilia, ziliwaangukia zaidi wanawake. Mwandishi aliposoma hayo alimkumbuka dada wa kazi: upishi haukuwa wake yeye mwandishi, sokoni hakwenda yeye, lakini kujua kwamba samaki wameisha na kesho kuna mgeni lilikuwa jukumu lake, na hakuna siku lililompa likizo.

Mwili ulianza kudai chake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio hata akiwa amekaa, kichwa kinagonga, usiku anaamka saa nane na halali tena. Akafanya ambacho wengi wetu hufanya: akaenda kupima malaria. Hakuwa nayo. Presha ilikuwa sawa, sukari sawa, na kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha tatizo. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Unalala?"

"Kidogo."

"Ukiamka usiku, unawaza nini?"

"Dawa za baba."

Daktari hakumwambia apunguze mawazo. Alimweleza kwamba mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini na kotisoli ili mtu apigane au akimbie, na kwamba mwili hautofautishi sana kati ya simba na bili ya hospitali. Simba huondoka, bili haiondoki, na moyo unabaki kwenye mbio. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza: nyumbani kwenu, nani mwingine anajua dawa zinaisha lini?

Hakuwepo.

Mazungumzo ya namna hiyo, ya mtu kukaa na mtu na kuulizwa vizuri, yamethibitika kuwa tiba. Mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mtaa wa Mbare, mwanzoni 14 tu, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa. Bibi huacha mtu ataje shida zake zote, halafu mtu mwenyewe huchagua moja inayoweza kushughulikiwa sasa, na wawili hao hupanga hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24 za jiji hilo. Baada ya miezi sita, waliokaa na kina bibi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Mwandishi hakuwa amesikia habari za Harare. Yeye alikuwa na shangazi.

Shangazi alikuwa ameendesha duka la rejareja Morogoro kwa miaka mingi, na kutokana na biashara hiyo alibaki na tabia mbili: kutomwamini mtu anayesema "nitakumbuka", na kuwa na daftari karibu. Jumamosi moja alimkuta mpwa wake amekaa kibarazani kwa baba, simu mkononi, macho hayaoni. Akavuta mkeka.

"Hebu sema yote. Mimi naandika."

"Yapi, shangazi?"

"Yaliyomo kichwani. Hata la kipuuzi."

Yalijaza ukurasa na kuendelea nyuma yake. Vidonge vilikuwemo, na soli ya kiatu cha mtoto ilikuwemo. Shangazi hakutoa pole. Alirudi juu ya ukurasa na kalamu yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hili ni la nani?"

"La baba."

"La baba najua. Nani anatakiwa kulikumbuka?"

Waliteremka hivyo mstari kwa mstari. Mengine yakaandikwa majina ya watu wengine pembeni. Mengine yakapewa tarehe. Mengine, pamoja na kushona sare ya kamati, yakakatwa. Yaliyobaki kuwa ya mwandishi hayakufika nusu. Shangazi akafunga daftari na kusema kwamba deni lililoandikwa mwenye duka hulala nalo vizuri, ila lile la kichwani humwamsha usiku kulidai.

Ni maneno ya mfanyabiashara, na maabara imeyaunga mkono kwa sehemu. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwachukua vijana 57, wakawapa dakika tano za kuandika kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo waliyokwisha kuyafanya, nusu wakaandika yanayowasubiri siku zijazo. Hao wa pili walipata usingizi mapema zaidi, kwa tofauti ya dakika tisa hivi, na kadiri orodha ilivyotaja mambo kinagaubaga ndivyo usingizi ulivyowahi. Dakika tisa hazimalizi matatizo ya mtu. Lakini anayeitazama dari saa nane za usiku hawezi kuzidharau.

Daftari lenyewe lisingetosha kama majina yale ya pembeni yangebaki maandishi. Kikao cha familia kikaitwa, wengine wakiwa kibarazani na wengine kwenye simu. Mdogo wake wa Mwanza akaanza kwa moyo mweupe: "Dada, wewe niambie tu nikusaidie nini."

Shangazi akamjibu kabla ya dada mtu. "Hapo ndipo penyewe. Akuambie, akukumbushe, akuulize umefanya? Basi si bado yake?"

Ikaamuliwa kwamba dawa zote za baba ni za yule wa Mwanza, tangu kuhesabu vidonge vilivyobaki hadi kumlipa mwenye duka la dawa kwa simu na kumtafuta bodaboda wa kuzipeleka. Mdogo mwingine akapewa mtaalamu wa mazoezi na malipo yake. Wiki ya kwanza simu ilikuja kutoka Mwanza: "Dada, hivi vile vya presha ni vya rangi gani?" Mwandishi akamwelekeza kwa mtu anayemhudumia baba, akakata. Kisha akakaa mikono yake ikimwasha kupiga simu Morogoro kuhakikisha. Kutopiga kulikuwa kugumu kuliko safari zote za Kibaha, kwa sababu miaka mingi ya kuwa mtoto wa kwanza ilikuwa imemzoesha kuamini kwamba asichokiangalia yeye kitaharibika. Dawa zilifika. Wakati mwingine zilichelewa siku moja, na mdogo mtu ndiye aliyetafuta namna.

Kamati ya harusi ilikuwa habari nyingine. Mwandishi alikabidhi daftari la hazina kwa mjumbe mwenzake pamoja na hesabu hadi shilingi ya mwisho, akaeleza sababu. Wengi walielewa. Mmoja akaandika kwenye kundi kwamba siku hizi watu wakipata shida wanawakimbia wenzao. Ujumbe ule ulimkaa rohoni kwa muda.

Hata hivyo hakujitoa kwenye kundi, na sababu ilionekana haraka. Baba alipohitaji kiti cha magurudumu, mchango ulitoka kwa watu walewale, akiwemo yule wa maneno makali, ambaye alitoa kuliko wengine. Washauri wengi wa afya ya akili wanaosomwa mitandaoni huhimiza kuwapunguza watu wanaokuchosha. Katika miji yetu, watu hao ndio bima, ndio benki, ndio gari la kwenda hospitali usiku. Alichofanya mwandishi ni kidogo zaidi: alizima mlio wa makundi, akawa anayafungua mara moja saa sita mchana na mara moja baada ya chakula cha jioni, na akawaambia ndugu kwamba jambo la dharura mtu apige simu, asiandike. Kazini pia faida ilionekana. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja bila kuimaliza na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma na ile ya pili huharibika. Mhariri anayesoma sura ya saba huku akijibu rangi ya vitambaa vya ukumbi huviacha vyote nusunusu.

Halafu ikaja Januari, mwezi ambao Tanzania nzima huujua kwa ada na sare. Dawa zilikuwa na mwenyewe, kamati ilikuwa na mwenyewe, na bado mwandishi aliamka usiku. Safari hii orodha haikusaidia, kwa sababu mstari wa kwanza ulihitaji fedha ambazo hazikuwepo.

Kuna utafiti unaostahili kusomwa na kila anayetoa semina kuhusu msongo. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao iliyowapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hupata fedha mara moja baada ya mavuno. Mkulima yuleyule, akipewa mtihani wa akili kabla ya kuvuna, mfuko ukiwa mtupu, alifanya vibaya kuliko baada ya kulipwa. Akili yake haikubadilika kati ya miezi hiyo. Uhaba ulikuwa umechukua nafasi yake. Mwandishi hakupona Januari ile kwa kupumua taratibu. Alipona kwa kwenda shuleni kuomba ada igawanywe mara nne, na kwa mkopo kutoka kikundi chake cha kuwekeza.

Kupumua kulikuwa na mahali pake pia. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo mafupi ya kujisaidia wakati wa msongo, ambayo yalijaribiwa kwa wanawake 694, wakimbizi wa Sudan Kusini walioko kaskazini mwa Uganda. Walikutana kwa makundi, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa: kulitambua wazo linalokuvuta na kulitaja, kuhisi miguu yako ilipokanyaga, kurudisha macho na masikio kwenye kilicho mbele yako. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha dhiki yao ya kisaikolojia ilipungua miezi mitatu baadaye. Mwandishi amekuwa akifanya hivyo kwenye daladala la Tabata: anahesabu pumzi anayotoa iwe ndefu kuliko anayovuta, anasikiliza kondakta anavyoita abiria. Foleni haisogei kwa hilo, ila anashuka akiwa amejua ameshuka wapi.

Pia ipo hali ambayo shangazi na daftari lake hawaiwezi. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila kufurahia chochote, asile, asilale, au akaanza kuona heri afe, hapo anahitaji tabibu wa akili bila kuchelewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Mirembe jijini Dodoma zina wataalamu hao, na daktari wa hospitali iliyo karibu anaweza kutoa rufaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini hauishii kwenye ushauri wa kulala na kunywa maji. Unawataka waajiri wabadilishe kazi yenyewe, watoe ratiba zinazoweza kulegezwa, na wawafundishe mameneja kumtambua mfanyakazi aliyelemewa. Kwa kijana mwenye mama Tanga, hilo lingeweza kuwa jambo dogo tu: mwenzake mmoja anayeijua kazi yake kiasi cha kuishika kwa nusu siku, na msimamizi anayejua kwa nini simu yake haizimwi.

Nyumbani kwa mwandishi mgawanyo umeendelea kupanuka. Baba anatembea kwa fimbo, na Mwanza bado ndiyo inayohesabu vidonge. Yule mtahiniwa wa darasa la saba sasa ni kijana mwenye ndevu chache, na umeme wa LUKU ni wake: kuangalia uniti, kununua, kuingiza namba. Mwaka jana, siku Simba na Yanga zinacheza, taa nyekundu ya mita ilikuwa inapepesa tangu asubuhi. Mama mtu aliiona, akaenda zake kuanika nguo. Kipindi cha pili kikiwa kimekolea, nyumba ikaingia giza. Kelele za goli zikalipuka kwa jirani, na sebuleni hakuna aliyejua ni la nani. Siku hizi kijana ananunua umeme kila Jumatano.